Utani juu ya Piramidi ya Mahitaji ya Maslow: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nadharia ya Abraham Maslow kuhusu mahitaji ya binadamu hufundishwa katika masomo ya ualimu, uuguzi, biashara na ustawi wa jamii, na kila inapofundishwa huzaa utani. Maswali yafuatayo huulizwa na wanafunzi, walimu na wasimamizi wa kazi wanaotaka kujua utani huo unatoka wapi, una ukweli gani ndani yake, na ni wakati gani huacha kuwa utani.

Nadharia yenyewe inasema nini?

Maslow, mwanasaikolojia Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1908, alichapisha mwaka 1943 makala katika jarida la Psychological Review akieleza kwamba matendo ya binadamu husukumwa na makundi matano ya mahitaji. Kundi la kwanza ni mahitaji ya mwili, kama vile chakula, maji na usingizi. La pili ni usalama. La tatu ni upendo na kuwa na watu unaoweza kuwaita wako. La nne ni heshima, ile unayojipa na ile unayopewa. Na la tano ni haja ya mtu kuwa kile anachoweza kuwa, ambayo hapa tutaiita kujikamilisha. Alisema kwamba hitaji la chini lisipotoshelezwa, kwa kawaida ndilo hutawala mawazo ya mtu, na kwamba likishatulia, lile la juu yake huanza kujitokeza kidogo kidogo. Karibu kila kichekesho tutakachokitaja kinatokana na mtu aliyesahau kwamba Maslow alisema "kwa kawaida" na "kidogo kidogo".

Kwa nini nadharia hii huzaa utani mwingi kuliko nadharia nyingine za saikolojia?

Sababu ya kwanza ni kwamba inauzungumzia mwili na heshima kwa pumzi moja. Mtu anayeongea kwa sauti nzito kuhusu kusudi la maisha yake, kisha tumbo lake likanguruma mbele ya wasikilizaji, amekuwa kichekesho tangu zamani, na Maslow aliuweka mgongano huo katikati kabisa ya nadharia yake. Sababu ya pili ni umbo: makundi hayo matano kwa kawaida huchorwa kama piramidi, yaani pembetatu iliyokatwa kwa mistari minne kuwa ngazi tano, mahitaji ya mwili yakiwa chini na kujikamilisha juu. Nadharia iliyopewa ngazi humfanya msomaji aanze kupanda, kuhesabu na kujilinganisha na wenzake, mambo ambayo nadharia isiyo na picha haimshawishi kuyafanya.

Sababu ya tatu, ambayo naiona kuwa ndiyo kubwa, ilielezwa na mwanafalsafa wa Ufaransa, Henri Bergson, mwaka 1900, yaani miaka minane kabla Maslow hajazaliwa. Bergson alisema kwamba tunacheka pale tunapoona ukakamavu wa mashine umebandikwa juu ya kitu chenye uhai. Binadamu aliye hai husita, hubadili nia, na hutaka mambo mawili yanayopingana katika dakika hiyo hiyo. Anapoanza kuishi kana kwamba ndani yake kuna milango mitano inayofunguka kwa zamu, na kwamba hana ruhusa ya kuugusa wa tatu kabla wa pili haujafunguka kabisa, tunamwona amegeuka mashine kwa hiari yake mwenyewe, na kicheko huja bila kuitwa.

Utani wa aina hii ukoje hasa?

Ulio bora hufuata mantiki ya mchoro bila kukosea hata hatua moja. Chukua mfano wa mwanamume anayeulizwa na mchumba wake watafunga ndoa lini. Anajibu kwamba anampenda kwa moyo wote, ila kitasa cha mlango wa nyuma kimelegea, na kwa hiyo yeye bado yuko kwenye ngazi ya usalama na haruhusiwi kupenda rasmi. Anashinda kutwa akikirekebisha. Jioni mchumba wake anarudi, anakitikisa kitasa, anakikuta imara, na anamwuliza tena. Mwanamume anamwomba radhi na kumweleza kwamba kazi ile imemtia njaa, kwa hiyo ameshuka hadi ngazi ya kwanza na itabidi waanze upya.

Hakuna mahali ambapo mwanamume huyu ameupotosha mchoro. Kila hatua aliyoichukua imo ndani ya ile pembetatu yenye mistari minne, na ndiyo maana msikilizaji hutambua upesi kwamba kasoro iko kwenye namna ya kuisoma pembetatu, wala si kwenye mapenzi ya bwana huyo. Wa ukoo huo huo ni utani wa mfanyakazi anayepongezwa mbele ya wenzake akajibu kwamba heshima ataipokea kesho, kwa kuwa jana hakulala vizuri, na ule wa mwanafunzi anayemweleza mwalimu kwamba hawezi kuanza insha kwa sababu rafiki zake hawajajibu ujumbe na ngazi yake ya tatu haijakamilika.

Ni kweli kwamba Maslow ndiye aliyeichora piramidi?

Hapana. Makala ya 1943 haina piramidi, wala kitabu alichokitoa mwaka 1954 hakina. Watafiti Todd Bridgman, Stephen Cummings na John Ballard, ambao walichapisha uchunguzi wao mwaka 2019, waliikuta piramidi katika makala ya Charles McDermid ya mwaka 1960, iliyotolewa na jarida la biashara na kuwalenga mameneja waliotaka kujua jinsi fedha inavyowapa wafanyakazi motisha. Miaka mitatu kabla ya hapo, Keith Davis alikuwa ameyaonyesha mahitaji hayo kama ngazi za kupandia katika kitabu cha usimamizi.

Jambo hili si dogo kwa mtu anayependa utani huu. Mawe ya piramidi hayasogei, la juu haliwezi kuwekwa kabla la chini halijakaa, na kilele ni chembamba kiasi kwamba kinaonekana kuwa mahali pa watu wachache mno. Sifa hizo tatu zimo kwenye mchoro, na ndizo hasa zinazochekwa. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba sehemu kubwa ya utani unaoitwa wa Maslow unawahusu wachoraji waliomfuata.

Je, ni lazima hitaji moja litoshelezwe kabisa kabla ya lingine kuanza?

Maslow alilijibu swali hili mwenyewe ndani ya makala ile ile, kwa sababu aliona mapema kwamba wasomaji wangepotea hapo. Alionya kwamba ni dhana potofu kufikiri kuwa hitaji ni lazima litoshelezwe kwa asilimia 100 ndipo linalofuata litokee, na akaeleza kwamba watu wengi wa kawaida wametosheka kwa sehemu na wamekosa kwa sehemu katika mahitaji yao yote kwa wakati mmoja. Kisha akatoa tarakimu alizozipanga kwa ajili ya ufafanuzi tu: raia wa kawaida anaweza kuwa ametosheka kwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika kujiheshimu na 10 katika kujikamilisha.

Tarakimu hizo nazo zimezaa vichekesho vyake, maana wapo wanaozisoma kama alama za mtihani. Mtu anayemwambia mwenzi wake kwamba leo upendo wao umefika asilimia 48 na zimebaki mbili tu wafikie wastani wa raia, ameuchukua mfano na kuufanya kipimo, ilhali hapakuwa na mtu yeyote aliyepimwa. Naupenda sana utani huo, kwa sababu unamwonyesha msikilizaji kwa sentensi moja tofauti kati ya mfano na takwimu, somo ambalo walimu wengi hulitafutia mihadhara mirefu.

Mtu anaweza kuwa kwenye ngazi mbili kwa wakati mmoja?

Anaweza, na kwa kweli ni vigumu kumpata mtu ambaye hayuko hivyo. Mtazame mama mwenye mtoto mchanga saa tisa za usiku. Hajalala tangu juzi isipokuwa kwa vipande vya nusu saa, hajala tangu mchana, mgongo unamuuma, na bado anatembea huku na huku chumbani akiimba kwa sauti ya chini, akibadilisha bega moja kwa jingine, akinusa utosi wa mtoto kila anapogeuka. Kwa kipimo cha pembetatu, mama huyu hana kibali cha kupenda wala kuimba mpaka apate usingizi wa kutosha. Utani unaosema kwamba mtoto ashtakiwe kwa kumzuia mama yake asipande ngazi unachekesha kwa sababu kila aliyewahi kulea anajua kwamba uchovu na upendo vilikuwa kwenye mikono ile ile.

Maslow alikuwa na sababu ya pekee ya kulifahamu jambo hili. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambako alipata shahada ya udaktari mwaka 1934 kwa utafiti juu ya ubabe miongoni mwa kima, msimamizi wake alikuwa Harry Harlow. Miaka mingi baadaye, mwaka 1958, Harlow alichapisha majaribio yake mashuhuri ambamo watoto wa kima waliwekewa "mama" wawili wa bandia: mmoja wa waya mwenye chupa ya maziwa, na mwingine aliyefunikwa kitambaa laini asiye na chakula. Watoto hao walikwenda kwa yule wa waya kunyonya, kisha wakarudi kumkumbatia yule wa kitambaa kwa sehemu kubwa ya siku. Maziwa hayakuwa yamewamalizia haja ya kushikwa, na haja ya kushikwa haikungoja zamu yake.

Upande mwingine wa swali hili unahusu muda. Mkufunzi amechora pembetatu ubaoni, ameigawa, amempa mshiriki wa kwanza kalamu na kumwomba aweke alama mahali alipo maishani. Mshiriki anasimama, anautazama ubao, anaweka alama chini kabisa, nje kidogo ya mstari, na kueleza kwa upole kwamba kikao kimeendelea tangu asubuhi bila mapumziko na yeye anahitaji kwenda msalani. Chumba kizima kinacheka, mkufunzi akiwamo. Swali lilihusu maisha na jibu limehusu dakika, na yote mawili yanaruhusiwa na mchoro, kwa sababu mchoro hausemi kama unapima saa hii, mwaka huu au umri mzima wa mtu. Nadharia ya Maslow inaeleza kinachotawala mawazo kwa wakati fulani na pia inaeleza jinsi tabia ya mtu inavyojengeka kwa miaka. Anayechanganya mambo hayo mawili hana budi kuchekesha.

Kwa hiyo nadharia yote ni ya kuchekwa?

Hapana, na hapa naomba msomaji apunguze mwendo. Wahenga waliposema kwamba mwenye njaa hana miiko walikuwa wanaeleza jambo ambalo limethibitika kwa uchungu. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi sita wanaume 36 waliojitolea, wote wakiwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu walioathiriwa na njaa ya vita. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Walianza kufikiria chakula wakati wote, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kwa saa nyingi, wakajitenga na wenzao, na hata utani ukapungua kati yao.

Njaa ya kweli, basi, inaweza kulitwaa karibu kila jambo lililo akilini mwa mtu, na hilo Maslow aliliona. Kinachochekwa ni kuichukua hali hiyo ya ukingoni na kuifanya kanuni ya siku ya kawaida, kana kwamba aliyechelewa kula mchana kwa nusu saa amegeuka mmoja wa wale wanaume 36. Mtu anayefanya mzaha kuhusu watu wanaokufa njaa hafanyi utani juu ya nadharia hata kidogo. Anawadhihaki watu, na neno Maslow halimwondolei aibu hiyo.

Utani wenyewe uko kwenye ngazi gani?

Hili ndilo swali ninalolithamini kuliko mengine yote, kwa sababu pembetatu haina mahali pa kuuweka. Baadhi ya watu huuweka kwenye ngazi ya tatu, kwa kuwa kucheka pamoja huwaunganisha watu. Wengine huuweka juu kabisa, kwa kuwa ni ubunifu. Lakini daktari wa akili wa Austria, Viktor Frankl, aliyefungwa katika kambi za Wanazi kuanzia mwaka 1942 hadi 1945, aliukuta chini kabisa, mahali ambapo chakula, usalama, upendo na heshima vilikuwa vimeondolewa kwa makusudi.

Frankl alisimulia kwamba alipokuwa akifanya kazi za sulubu kambini alikubaliana na rafiki yake kwamba kila mmoja wao atatunga walau hadithi moja ya kuchekesha kwa siku, kuhusu jambo litakaloweza kuwatokea baada ya kukombolewa. Kambini supu ilikuwa maji matupu kwa juu, na vipande vichache vya chakula vilizama. Aliyebahatika ndiye aliyechotewa kutoka chini ya pipa. Basi wafungwa wakajichora wakiwa wageni waheshimiwa kwenye karamu ya siku za usoni, wakijisahau mezani na kumsihi mwenye nyumba awachotee supu kutoka chini. Utani huo una njaa ndani yake, una kumbukumbu ya adabu, una urafiki, una heshima ya mtu anayejiona tena akialikwa, na una kazi ya utunzi. Yote hayo yamo katika sentensi moja iliyosemwa na mtu ambaye kwa kipimo cha ngazi alipaswa kuwaza mkate tu. Wale wanaume wa Minnesota walipungukiwa na utani, na Frankl na mwenzake waliutunga kwa kuazimia. Nadharia inayotaka kuwaeleza binadamu ni lazima iwe na nafasi ya wote wawili.

Wapo watu wanaoruka ngazi kwa makusudi?

Wapo, na Maslow aliwaorodhesha. Alitaja watu ambao kwao heshima hutangulia upendo, wabunifu ambao huumba hata wanapopungukiwa na mahitaji ya msingi, watu walioishi kwa dhiki muda mrefu hadi matarajio yao yakazimika, watu ambao kwa kutokuwahi kuonja njaa huidharau, na wale wanaoacha kila kitu kwa ajili ya imani au msimamo. Mohandas Gandhi alisusia chakula mara kadhaa, mara ya mwisho ikiwa Januari 1948 mjini Delhi, kwa ajili ya amani kati ya Wahindu na Waislamu. Mchoraji Vincent van Gogh, aliyetegemea fedha za ndugu yake Theo, mara nyingi alizitumia kwa rangi na kubakiwa na kidogo sana cha kula. Anayesema kwamba watu hawa "wamekosea utaratibu" ameifuata pembetatu kuliko alivyoifuata aliyeianzisha nadharia.

Vipi kuhusu mchoro unaoweka intaneti na betri chini ya chakula?

Huu ndio utani unaosambaa kuliko wote, na mimi nauona kuwa mwepesi, ingawa unaweza kuongezewa uzito. Unachekesha kwa kubadilisha msingi, kwa kuwa sote tumewahi kumwona mtu akiacha sahani mezani ili atafute soketi ya kuchajia simu. Maslow aliwahi kueleza kwamba matamanio tunayoyaona kwa nje hutofautiana sana kati ya jamii na jamii, ilhali mahitaji yaliyo nyuma yake hufanana zaidi. Betri iliyobakiwa na asilimia mbili ni tamanio la nje. Kwa aliye peke yake barabarani usiku, betri hiyo ni usalama. Kwa anayengoja ujumbe wa mwanawe aliye mbali, ni upendo. Kwa anayetaka kuona ni wangapi waliosifu picha yake, ni heshima. Utani unaoonyesha watu hao watatu wakigombea soketi moja ungekuwa bora kuliko ule wa kuongeza mstari mmoja chini ya mchoro.

Mtu anaweza kutangaza kwamba amefika kileleni?

Anaweza kutangaza, na tangazo lenyewe litachekesha, kwa sababu anayelitoa kwa kawaida anasubiri kupongezwa, na kusubiri pongezi ni haja ya ngazi ya nne. Maslow mwenyewe alipotafuta watu waliojikamilisha alikuwa mgumu kuridhika. Aliwachuja wanafunzi 3,000 wa chuo na kumpata mmoja tu aliyefaa kwa utafiti wake wakati huo, pamoja na dazani moja au mbili ambao labda wangefaa baadaye. Ikabidi awageukie watu wazima na watu wa historia kama Abraham Lincoln katika miaka yake ya mwisho, Albert Einstein, Jane Addams na Eleanor Roosevelt. Wala hakuwaona kuwa wakamilifu. Aliandika kwamba wanaweza kuwa wakaidi, wenye kuchosha na wenye kukasirisha, na hilo linafaa kukumbukwa na kila anayedhani kwamba kileleni hakuna kununa.

Je, kujikamilisha ni kwa wasanii na wanasayansi tu?

Hapana. Maslow alieleza jinsi alivyojifunza kwa mama mmoja wa nyumbani, mpishi na mlezi hodari, kwamba supu ya daraja la kwanza ina ubunifu kuliko mchoro wa daraja la pili.

Msimamizi wangu husema kwamba mshahara huja kwanza na heshima baadaye, kwa mujibu wa Maslow. Nimjibu nini?

Hapa kuisoma nadharia neno kwa neno huacha kuchekesha, kwa sababu kuna mtu anayeumia. Tangu Douglas McGregor alipoyaingiza mawazo ya Maslow katika usimamizi kwa kitabu chake cha mwaka 1960, wapo viongozi walioyatumia kuwasikiliza wafanyakazi vizuri zaidi, na wapo walioyageuza ratiba ya kuahirisha mambo. Mfanyakazi wa ngazi ya chini anaambiwa kwamba kwa sasa anachohitaji ni malipo na kofia ya usalama, na kwamba kuombwa maoni, kuitwa kwa jina lake na kusalimiwa ni vya watu waliokwisha kupanda.

Unaweza kumjibu kwa adabu kwamba Maslow aliandika kinyume chake: mahitaji yote huwapo pamoja kwa viwango tofauti, na tendo moja huweza kusukumwa na mahitaji kadhaa. Asiyelipwa vya kutosha huhisi njaa na fedheha kwa pamoja, na mshahara unaocheleweshwa bila maelezo humgusa tumboni na usoni. Kosa hilo hilo huonekana pale watu waliokimbia vita au mafuriko wanapogawiwa blanketi na unga kwa foleni isiyo na staha, huku michezo ya watoto, masomo na faragha vikisubiri awamu ya pili ambayo pengine haifiki. Anayegawa chakula kwa upole hajatumia muda mrefu kuliko anayekigawa kwa kufoka.

Utafiti wa baadaye unasema nini kuhusu mpangilio wa ngazi?

Mwaka 1976, Mahmoud Wahba na Lawrence Bridwell walipitia tafiti zilizokuwapo na kukuta ushahidi mdogo wa kuwapo kwa mpangilio huo. Mwaka 2011, Louis Tay na Ed Diener walichapisha uchambuzi wa data kutoka nchi 123, zilizokusanywa kati ya mwaka 2005 na 2010. Walikuta kwamba kutoshelezwa kwa mahitaji hayo kunahusiana na kuridhika kwa watu duniani kote, na kwamba mahitaji ya msingi huwa yanatimizwa mapema zaidi, lakini mtu anaweza kupata furaha kutokana na marafiki na heshima hata kama mahitaji yake ya msingi hayajatimia yote. Clayton Alderfer naye, mwaka 1969, alikuwa amependekeza makundi matatu badala ya matano, akisema kwamba mtu anayekwama juu huweza kurudi kung'ang'ania la chini, hali inayofahamika kwa kila anayekula sana baada ya kukataliwa.

Maslow aliuonaje utani?

Aliuona kuwa sehemu ya afya ya nafsi. Katika maelezo yake juu ya watu waliojikamilisha aliwapa sifa ya ucheshi wa kifalsafa usio na uhasama: hawacheki mtu akiumizwa, hawacheki ili kujiona bora kuliko mwingine, na huucheka zaidi upungufu wa binadamu kwa jumla anaposahau nafasi yake katika ulimwengu. Alimtaja Lincoln kuwa mfano, akisema kwamba huenda hakuwahi kutoa mzaha uliomuumiza mtu, na kwamba mizaha yake mingi ilikuwa na ujumbe na ilifanana na mafumbo au hekaya. Kwa kipimo hicho, hadithi ya mwanamume na kitasa chake inapita, kwa kuwa inamcheka mtu yeyote anayejificha nyuma ya mchoro ili asijibu swali la moyo. Mzaha wa meneja anayemwambia mhudumu kwamba bado hajafika ngazi ya kuheshimiwa haupiti.

Nitumieje utani huu darasani?

Anza na utani kabla ya mchoro. Wasimulie wanafunzi kisa cha kitasa, waache wacheke, kisha wape aya ya makala ya 1943 inayozungumzia asilimia 85 na 70, na waombe waseme ni mahali gani hasa mwanamume yule aliachana na Maslow. Wakishamaliza, waombe watunge kichekesho chao chenye masharti mawili: mhusika afuate pembetatu bila kosa lolote, na asiwepo aliyedhalilishwa kwa umaskini wake. Sharti la pili ndilo litakalowachukua muda mrefu, hivyo tenga nusu nzima ya kipindi kwa ajili yake, na usiwanyime mapumziko.